Faiba, ruta ya 4G au redio ya juu ya paa: pima mawimbi kabla ya kulipa

Anayetafuta intaneti ya nyumbani au ya ofisi ndogo, awe Dar es Salaam, Mombasa, Arusha au Kisumu, mara nyingi hujikuta mbele ya njia tatu. Kuna faiba inayoingizwa mpaka sebuleni. Kuna ruta ya laini ya simu, ya 4G au 5G, unayoichomeka kwenye umeme na kuanza kutumia siku hiyohiyo. Na kuna redio, yaani dishi dogo linalofungwa juu ya paa likitazama mnara wa mtoa huduma. Matangazo ya zote tatu hutaja kasi: Mbps 10, 20, 50. Lakini kasi ni matokeo tu. Kinachoamua kama kikao cha video kitaganda saa mbili usiku ni ubora wa mawimbi yanayokufikia, na huo unapimika kwa namba kabla hujatoa hela yoyote.

Waya wa shaba wa simu ya mezani hatuuweki kwenye mizani hii. Nyumba iliyo kilomita nne au tano kutoka kituo cha simu hubakiwa na Mbps chache tu kwenye shaba, na sehemu nyingi waya huo unaondolewa ili faiba ichukue nafasi yake. Kama bado unao na unafanya kazi, utumie mpaka faiba ifike mtaani kwako.

Vigezo tutakavyotumia

Kila njia tutaipima kwa mambo yaleyale: nguvu ya mawimbi inayofika kwako, usafi wake (yaani yamezidi kelele kwa kiasi gani), uthabiti wake kwa saa na kwa hali ya hewa, ucheleweshaji, na mwisho kinachoharibika pamoja na nani anaweza kukirekebisha.

Kwanza tuelewane kuhusu desibeli (dB), maana namba zote zinatoka huko. Kila desibeli 3 zinazopotea, nguvu inabaki nusu. Zikipotea 10, inabaki moja ya kumi. Zikipotea 20, moja ya mia. Nguvu inayofika huandikwa kwa dBm, karibu kila mara ikiwa na alama ya kutoa, na hapo ndipo wengi wanapojichanganya: -65 ni nguvu kubwa kuliko -85. Pia usichukue namba ya njia moja ukaipima kwa kipimo cha nyingine. Kwenye faiba -20 ni hali nzuri ya kila siku na -30 ni msiba. Kwenye 4G, -90 bado ni mawimbi ya kuaminika.

La pili ni tabia ya mtandao wa kidijitali wenyewe. Simu ya analogi ya zamani ilikuonya: mawimbi yakidhoofika ulisikia mvumo, kisha sauti ikafifia taratibu. Mtandao wa kidijitali hauonyi. Unatuma sufuri na moja pamoja na ziada ya kusahihishia makosa, na makosa yakiwa machache hurekebishwa bila wewe kujua. Yakivuka mpaka, sauti inageuka ya roboti, picha inaganda, halafu kimya. Ndiyo maana huduma inayofanya kazi vizuri leo inaweza kuwa imesimama ukingoni kabisa, ikisubiri kochi lisogezwe au mti utoe majani. Mnunuzi makini haulizi tu kama mtandao unashika; anauliza kuna akiba ya desibeli ngapi kabla haujaachia.

Kwa mazungumzo ya sauti, mipaka ya kukumbuka ni mitatu. Ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, kiwango ambacho Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linakipendekeza katika waraka wake wa G.114. Pakiti, yaani vipande vidogo ambavyo data hugawanywa ili isafiri, zinazopotea ziwe chini ya asilimia 1. Kuyumba kwa ucheleweshaji kubaki chini ya milisekunde 30 hivi. Simu yenyewe haihitaji kasi kubwa: kodeki ya G.711, yaani kanuni ya kugeuza sauti kuwa data, inatumia kilobiti 64 kwa sekunde kabla ya vichwa vya pakiti. Kwa hiyo mwenye Mbps 50 zinazoyumba anaweza kusikika vibaya kuliko mwenye Mbps 2 zilizotulia.

Faiba

*Nguvu.* Ndani ya ile kebo nyembamba kuna uzi wa kioo ambao kiini chake, pale mwanga unapopita, kina upana wa takriban mikroni 9. Kioo chenyewe hupoteza kidogo mno: karibu dB 0.35 kwa kilomita kwenye mwanga wa nanomita 1310, na karibu dB 0.2 kwenye 1550. Nguvu nyingi hupotea kwenye splita, kifaa cha kugawa mwanga. Mfumo wa GPON, unaotumika sana kuingiza faiba majumbani, huchukua uzi mmoja kutoka kituoni na kuugawa kwa nyumba 32 au 64 kwa kifaa kisichotumia umeme. Kugawa kwa 32 peke yake hula karibu dB 17.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Kituo kinatuma kwa +3 dBm. Toa 17 za splita, toa 1.5 za kilomita tano za kioo, toa 2 za konekta nne, toa 0.6 za maungio sita ya kuyeyusha. Unapata takriban -18 dBm. Vifaa vingi vya nyumbani vya GPON husoma mpaka -27 dBm, hivyo nyumba hiyo ina akiba ya dB 9. Ikifungwa kwa -26 itawaka na kufanya kazi, fundi ataondoka akitabasamu, na baada ya miezi miwili vumbi kidogo kwenye konekta litaizima. Sisi tungekataa kupokea kazi yoyote iliyo chini ya -25. Mwanga ukizidi -8 nao ni tatizo, maana unakizidi uwezo kipokezi, ingawa nyumbani hilo ni nadra.

Namba hii huhitaji kuikisia. Vifaa vingi huionyesha kwenye ukurasa wa mipangilio, sehemu ya taarifa za faiba, mstari ulioandikwa Rx Power. Fundi naye anayo mita ya kupimia mwanga. Mwombe aipachike mbele yako na aandike namba kwenye karatasi ya kukabidhi kazi.

*Usafi na uthabiti.* Hapa faiba iko peke yake. Mvua, redio za majirani, mota ya pampu, waya wa umeme unaopita sambamba, vyote havina habari na mwanga ulio ndani ya kioo. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi haiingii kupitia uzi wenyewe. Angalia tu kama kebo ina waya wa chuma wa kuning'inizia kwenye nguzo, huo usiingizwe ndani ya nyumba. Msongamano wa jioni upo, lakini si mkali kwenye kipande cha mtaani: GPON hushusha Gbps 2.488, na nyumba 32 zikitumia kwa pamoja bila huruma, kila moja bado ina Mbps 77. Faiba ikiwa nzito usiku, mara nyingi foleni iko mbele zaidi, ndani ya mtandao wa mtoa huduma.

*Ucheleweshaji.* Mwanga hutumia mikrosekunde 5 kwa kila kilomita ya kioo. Kutoka nyumbani mpaka kifaa cha kwanza cha mtoa huduma ni milisekunde chache, na hazichezi.

*Kinachoharibika.* Adui wa kwanza ni mkunjo. Tazama nyuma ya kabati la televisheni: kebo nyeupe inashuka ukutani, inafika kwenye kona, na kabati limesukumwa mpaka likaibana. Kwa macho haijakatika. Lakini mwanga hukaa ndani ya kiini kwa sababu unagonga ukingo kwa pembe ndogo; uzi ukipindwa sana pembe inabadilika na mwanga unavujia nje. Uzi wa kawaida, G.652, usipindwe kwa nusu kipenyo chini ya milimita 30. Uzi wa G.657 uliotengenezwa kwa ajili ya ndani ya nyumba huvumilia milimita 10, na aina ya A2 hufika 7.5. Mikunjo huumiza zaidi mwanga wa mawimbi marefu, ndiyo maana upande wa kushusha, unaotumia nanomita 1490, hudhurika kabla ya ule wa kupandisha wa 1310.

Adui wa pili ni konekta. Ya kijani, SC/APC, uso wake umekatwa kwa mteremko wa nyuzi 8. Ya bluu, SC/UPC, haina mteremko. Ukichomeka kijani kwenye tundu la bluu zitaingia vizuri kabisa, lakini nyuso hazikutani, linabaki pengo la hewa na dB kadhaa zinapotea. Vumbi nalo: punje ya mikroni 5 huwezi kuiona, ila imeziba nusu ya upana wa kiini. Konekta ikichomolewa isafishwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kwa kufuta upande mmoja mara moja, bila kurudiarudia. Usiiguse kwa kidole, kidole kina mafuta. Wala usiitazame kwa jicho ili kuona kama mwanga upo: mwanga huu hauonekani na unaweza kuumiza jicho.

Taa nyekundu ya LOS ikiwaka au kupepesa, mwanga haufiki. Hapo wewe huna la kufanya zaidi ya kukagua mkunjo na konekta. Lori refu limevuta kebo, katapila limechimba, au moto wa takataka umewashwa chini ya nguzo, yote yanahitaji fundi mwenye OTDR, kifaa kinachotuma mpigo wa mwanga na kusoma mwangwi wake ili kujua uzi umekatika mita ya ngapi. Muulize fundi swali hilohilo: imekatika mita ya ngapi? Fundi mwenye jibu anajua anakoenda; asiye na jibu atabadilisha ruta kwanza, na utasubiri siku ya pili.

*Inamfaa nani.* Aliyetulia sehemu moja mwaka mmoja au zaidi, nyumba yenye watu wengi, anayepandisha mafaili makubwa au picha za kamera za ulinzi. Haimfai anayehamahama, wala nyumba iliyo mbali na kisanduku cha mwisho cha mtaani, kwa sababu gharama ya kuvuta kebo na nguzo humwangukia yeye.

Ruta ya 4G au 5G

*Nguvu.* Sahau vijiti kwenye kioo cha simu. Hakuna kanuni moja inayosema vijiti vinne ni nguvu kiasi gani. Kila mtengenezaji hujipangia. Fungua ukurasa wa ruta, ambao mara nyingi uko kwenye 192.168.8.1 au 192.168.1.1, utafute RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara inayoifikia ruta, kwa dBm. Kuanzia -80 kwenda juu ni bora sana, -80 mpaka -90 ni nzuri, -90 mpaka -100 inavumilika, na chini ya -110 utapata tabu kila siku.

Masafa yana usemi wake. Mawimbi ya megahezi 700 na 800 husafiri mbali na kupenya kuta. Ya 2600, na yale ya 3500 yanayotumiwa na 5G, yana nafasi kubwa ya data lakini hukwama haraka. Kuta nene za mawe ya matumbawe kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa ya kale huyamaliza kabisa masafa ya juu: dirishani unaona 5G, chumba cha ndani hakuna kitu. Bati ni baya zaidi, kwa kuwa chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka.

*Usafi.* Hapa ndipo ruta hushinda au kushindwa, na ndipo wauzaji wanaponyamaza. Namba ni SINR, tofauti kati ya mawimbi unayoyataka na jumla ya kelele na mawimbi ya minara mingine. Zaidi ya 20 ni bora, 13 mpaka 20 ni nzuri, 0 mpaka 13 ni ya kubahatisha, chini ya sufuri ni mapambano. Mtu wa katikati ya jiji akilalamika kwamba vijiti vimejaa lakini mtandao haufungui ukurasa, mara nyingi minara mitatu inamfikia kwa nguvu sawa kwenye masafa yaleyale, kila mmoja ukimpigia kelele mwenzake. RSRP ya -100 yenye SINR 15 ni bora kuliko RSRP ya -80 yenye SINR 1. Ukikumbuka jambo moja tu kuhusu 4G, likumbuke hilo.

*Uthabiti.* Mvua haiyasumbui sana masafa haya. Kinachoyasumbua ni watu. Sekta moja ya mnara wa 4G yenye upana wa megahezi 20 na antena mbili kwa mbili ina kilele cha nadharia cha Mbps 150, na hizo ni za kila mtu aliye upande huo wa mnara, wa bodaboda na wa ghorofani. Linganisha na zile Gbps 2.488 za nyumba 32. Kwa hiyo kupima saa nne asubuhi ni kujidanganya. Pima saa mbili hadi saa nne usiku, siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa Jumapili.

*Ucheleweshaji.* Mnara ukiwa mwepesi ni milisekunde 30 hadi 60. Ukijaa hupanda kwenye mamia na kuyumba. Simu ya kawaida kupitia VoLTE, yaani sauti inayopita kwenye 4G yenyewe, husalimika kwa sababu mtandao huipa kipaumbele, na sauti yake ni pana, hezi 50 mpaka 7000, ikilinganishwa na 300 mpaka 3400 za simu za zamani. Simu ya WhatsApp haina upendeleo huo, inapanga foleni pamoja na video za kila mtu.

*Kinachoharibika.* Mnara ukikosa umeme na betri zake zikiisha, huduma inakufa. Jengo jipya linaweza kuota kati yako na mnara. Lakini raha ya njia hii ni kwamba mengi unaweza kuyarekebisha mwenyewe. Weka ruta mita mbili juu ya sakafu, upande wa nyumba unaotazama mnara, mbali na friji, televisheni na nondo za dirisha. Isogeze mita moja, subiri dakika moja, soma SINR, andika. Rudia sehemu sita. Kupata dB 6 za bure kwa namna hii ni jambo la kawaida.

Ukilazimika kufunga antena ya nje, chunga kebo yake. Kebo nyembamba ya RG58 hupoteza karibu dB 1 kwa kila mita kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na kuendelea. Antena yenye ongezeko la dBi 9 kwa kebo ya mita kumi ni hela iliyotupwa: unapata tisa, unapoteza kumi. Tumia kebo nene ya aina ya LMR-400, ambayo hupoteza karibu dB 0.22 kwa mita, au bora zaidi, nunua ruta ya nje ambayo modemu imo ndani ya antena yenyewe, kinachoshuka ndani ni kebo ya mtandao tu. Na antena ziwe mbili, moja imeinamia kulia nyuzi 45 na nyingine kushoto, la sivyo unaitupa nusu ya uwezo wa ruta.

*Inamfaa nani.* Mpangaji, mwenye kibanda cha uwakala wa pesa, anayefanya kazi leo Dodoma na kesho Morogoro, na yeyote anayehitaji njia ya akiba. Haimfai mwenye nyumba ya watu wanane wanaotazama video kila usiku chini ya mnara uliojaa.

Redio ya juu ya paa

*Nguvu.* Redio hizi mara nyingi hutumia gigahezi 5. Kilomita tano za hewa hula karibu dB 122 kwenye masafa hayo, wakati kilomita tano za kioo hula chini ya 2. Inawezekanaje basi kufanya kazi? Dishi. Redio ikituma dBm 23, na kila upande una dishi la dBi 23, unafikiwa na takriban -53 dBm, nguvu nzuri kabisa. Ulenge kati ya -50 na -65. Ikifika -75 redio inashuka kwenye lugha ya polepole ili isikosee, na Mbps zinayeyuka.

*Usafi.* Gigahezi 5 ni uwanja wa wengi, redio nyingi hutumia masafa yaleyale bila kila mmoja kuwa na kipande chake. Soma kiwango cha kelele kwenye ukurasa wa redio: -95 ni kimya, -75 ni soko. Tofauti kati ya mawimbi na kelele iwe dB 25 au zaidi. Fundi anayetanua njia hadi megahezi 80 ili kukuonyesha kasi kubwa siku ya kwanza anakudhuru: kila upana ukiongezwa maradufu, kelele inaongezeka dB 3. Megahezi 20 zilizotulia ni bora mjini.

*Uthabiti.* Kwa kilomita chache, mvua haina madhara ya maana kwenye gigahezi 5. Huanza kuuma juu ya gigahezi 10. Shida ni njia yenyewe. Mawimbi hayapiti kama uzi uliovutwa, yanavimba katikati kama yai refu. Kwenye kilomita tano, uvimbe huo una nusu kipenyo cha mita 8 katikati ya safari, na angalau asilimia 60 yake, karibu mita 5, iwe wazi pande zote. Kwenye kilomita mbili ni mita 3. Panda juu ya paa utazame. Kama mnara unauona kupitia majani ya mwembe, hujauona. Mwembe huo wakati wa kiangazi unaweza kupitisha mawimbi ya kutosha fundi akafunga kazi. Masika yanakuja, majani yanajaa maji, na unapoteza dB 10 au 15. Hata ncha ya mnazi inayopepea mita mbili chini ya mstari wa macho ipo ndani ya yai lile.

*Ucheleweshaji.* Milisekunde chache kwa kila mruko, zikipanda kidogo sekta inapokuwa na wateja wengi.

*Kinachoharibika.* Pwani, chumvi hula boliti na vichwa vya kebo. Shaba ya ndani hugeuka kijani na redio inaanza kujizima yenyewe. Kebo iwe ya nje inayohimili jua, isizidi mita 100, na kabla ya kuingia ukutani ishuke na kupanda kidogo ili maji yadondoke hapo. Mlingoti uunganishwe na ardhi, maana radi huitafuta chuma iliyo juu. Upepo ukilizungusha dishi kwa nyuzi chache, nguvu hushuka ghafla. Andika namba ya siku ya kwanza ukutani, karibu na adapta, ili ujue imeshuka kutoka wapi.

*Inamfaa nani.* Shule, zahanati, hoteli ya ufukweni, shamba au karakana iliyo nje ya mji lakini inaona mnara waziwazi. Pia mwenye majengo mawili anayetaka kuyaunganisha bila kuchimba barabara.

Lawama zisizo za mawimbi haya

Kabla ya kubadilisha mtoa huduma, unganisha kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta upime upya. Ikienda vizuri, mgonjwa ni waifai ya ndani. Jambo jingine la kukumbuka ni lililo mbali na paa lako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania, Kenya na majirani wakapungukiwa na intaneti. Wa faiba, wa 4G na wa redio waliumia pamoja. Rx yako inaweza kusoma -18 safi kabisa siku kama hiyo.

Uchague kwa hali yako

Faiba iko kwenye nguzo ya mtaani na hujapanga kuhama: ichukue, kwa sharti kwamba fundi anaandika Rx isiyo chini ya -25 na kebo ya ndani ni G.657.

Unapanga chumba, au kazi yako inahama: ruta, baada ya kupima SINR usiku kwa laini za kampuni mbili au tatu. Azima simu za jirani upime. Laini inayosifiwa mtaa wa pili inaweza isikufae wewe.

Uko kilomita tatu mpaka kumi nje ya mji na paa linaona mnara bila kizuizi: redio. Kama kuna miti katikati na huruhusiwi kuikata, ruta ya nje ya 4G kwenye masafa ya 700 au 800 itakusumbua kidogo kuliko dishi linalopigana na majani.

Una ofisi ya kupokea simu za wateja: angalia kuyumba kwa ucheleweshaji na pakiti zinazopotea, Mbps ziache mwisho. Tuma ping 500, yaani pakiti ndogo za majaribio zinazokwenda na kurudi, saa ya kazi. Zikipotea zaidi ya 5, hiyo njia isibebe simu.

Una kibanda cha uwakala: data yako ni ndogo, unachohitaji ni kutokatika. Laini mbili za kampuni tofauti kwenye ruta moja zinatosha, na faiba ni gharama ya ziada.

Kazi yako haiwezi kusimama hata saa moja: chukua njia mbili zisizoshiriki kitu. Faiba mbili za kampuni mbili zilizoning'inizwa kwenye nguzo ileile zitakatwa na lori lilelile. Weka faiba na 4G, au redio na 4G, zote mbili kwenye betri ya akiba ya volti 12, na kila mwezi chomoa ile kuu kwa dakika kumi uone kama ya pili inachukua mzigo.